Nguzo

Usiku wa kuamkia safari, bandani kwa Verlene,
tulipima kila kitu kwenye mizani ya jikoni:
soksi, kijiko, chumvi iliyofungwa kwenye karatasi,
na mswaki ambao Thayer aliukata mpini kwa msumeno
akaapa kwamba gramu sita ni gramu sita.
Huku Idaho watu wanajisifia wepesi wa mzigo
kama wengine wanavyojisifia mali.

Tulikuwa sita. Njia ilipanda maili kumi na moja
kisha ikachoka kuwa njia:
mawe matatu yamepangwa, halafu mawili,
halafu majani tu, yakitutazama.
Ignacio mbele, ramani ikimning'inia kifuani.
Darlys nyuma. Amesambaza barua miaka thelathini,
bado anatembea kama mtu mwenye anwani mkononi.

Ziwa lilikuwepo, pale pale lilipoahidiwa.
Hakuna bomba, hakuna choo, hakuna meza.
Duara la masizi, na gogo moja
lililong'arishwa na makalio ya watu tusiowajua.

Tukagawana kazi. Coby akachukua koleo dogo
akaenda kuchagua pa kuchimba, mbali na maji,
akihesabu hatua kwa sauti ili tusimfuate.
Kamba ikarushwa juu ya tawi la msonobari, mara nne,
mara ya tano ikashika;
chakula kikapanda angani, dubu akitaka akitolee macho.
Mimi nilipiga pampu ya chujio.
Lita moja, mkono wa kulia. Lita ya pili, wa kushoto.

Ndipo Verlene akamimina mfuko wa hema kubwa.
Kitambaa. Vigingi. Turubai ya chini.
Akautikisa mfuko.
"Nani ana nguzo?"

Swali likazunguka kama sahani ya chakula kisichopendwa,
kila mtu akimpitishia jirani.
Lilipofika kwangu nikafungua mkoba,
nikazama hadi kiwiko, nikatafuta kwa bidii
kitu nilichojua kilipo:
rafu ya pili, nyuma ya kopo la rangi ya kijani,
nilikoziweka kwa dakika moja tu
mizani iliposoma kilo kumi na nane
nikaona haya kuwa mzito kuliko wote.

"Kwangu hazipo," nikasema.
Hapo sikudanganya hata herufi.

Hakuna aliyenuna. Afadhali wangenuna.
Ignacio akafunga kamba kati ya miti miwili,
turubai ikatupwa juu, Coby akaleta mawe ya kukandamiza,
tukaingia, watu sita chini ya paa la watatu,
tumepangwa kama njiti kibiritini.
Mmoja hawezi kugeuka peke yake.
Verlene, muuguzi wa wodi ya usiku,
ndiye aliyetoa amri: "Kushoto!"
Na sote, na mifuko yetu ya kulalia, krrrch, kushoto.

Saa tisa usiku ikaja mvua ya mawe.
Ilikuwa Agosti, lakini milima haisomi kalenda.
Nyayo za Darlys zilikuwa kwenye ndama za miguu yangu,
baridi kama funguo,
naye akaniomba radhi. Mimi. Akaniomba mimi radhi.

Nikaliambia giza:
"Ziko nyuma ya kopo la rangi."

Mvua ikaendelea na kazi yake.
Thayer akaanza kikohozi, akakiacha katikati.
Nikahesabu pumzi za watu watano,
nikajaribu kujua ipi ina hasira.

"Kopo la kijani?" Verlene akauliza.

"La kijani."

"Nimelitafuta hilo tangu Aprili,
nikapaka nusu ya uzio, nusu nikaiacha."

Mtu akacheka kupitia puani; nadhani Coby.
Tone likapenya turubai, likanidondokea sikioni,
na sikuweza kulipangusa, mikono ilikuwa imebanwa.

"Kulia," akasema Verlene.
Tukageuka.