Mabati Matatu

Wingu limeikalia Mwanza, hii wiki ya tatu.
Kutoka dirishani kwetu, hapa Isamilo,
sikioni hata kilima cha Bugando.
Lakini alfajiri chombo kimepita,
kilomita mia saba juu ya wingu,
kikaiita nchi,
nchi ikaitika.

Hakioni. Nimemweleza mayu mara tatu kwa simu:
hakina jicho, kina sauti na sikio.
Hupiga ukelele kwa upande, kama watoto wa Mabatini
wanavyoyapigia mawe kelele
wakingoja mwangwi.
Jiwe hujibu. Bati hujibu kwa kishindo.
Ziwa likitulia halijibu, neno hulitupa ng'ambo,
ndiyo maana katika picha zangu maji ni meusi
kama sufuria iliyosahauliwa motoni,
na magugumaji, upepo ukiyasukuma hadi Kirumba,
hutokea kama upele.

"Na mpunga wangu?"

Mpunga, mayu, hujibu kwa kunong'ona.
Siku maji yakiufunika, hunyamaza.

Niliuona ukinyamaza tarehe tisa Machi,
kabla hajanipigia.
Jaruba lake la chini, huko Kayenze,
lilikuwa limehamia upande wa ziwa, kwa rangi.
Nikaandika kwenye ripoti: hekta sifuri nukta nne.
Safu ya jina la mwenye shamba haikuwepo.

"Na mimi, unanisikia?"

Hapana. Chembe moja ya picha ni mita kumi kwa kumi;
humo umo wewe, jembe lako, kichuguu,
na mbuzi wa Lufungulo aliyekata kamba,
mchele na chuya ungo mmoja.
Nikamwambia, utani tu, kwamba chombo hupenda kona:
mabati matatu yakikutana kama pembe ya chumba
yakatazama kule kinakotokea,
huirudisha sauti yote, hayabakizi kitu.

Kimya. Nikadhani salio limekwisha.
Kisha: "Kinatokea upande gani?"

Siku ya kumi na mbili
niliweka picha mbili mezani, ya kale na mpya,
Kulwa na Doto,
nikatoa moja katika nyingine.
Pembeni mwa giza la jaruba, juu ya tuta,
nukta nyeupe.
Nyeupe kulipita paa la shule,
nyeupe kuvipita viwanda vya samaki vyote.

Ndaki, wa meza ya pili, alisema ni hitilafu,
nipitishe kichujio.
Sikupitisha.

Chombo kikarudi, nukta ipo.
Kikarudi tena, haipo.
Tuta lipo, giza lipo, paa la shule lipo.
Nilipiga simu ikaita mpaka ikakata.
Nikapiga tena, nimesimama.

"Kuku walikuwa wananyeshewa," alisema,
"nimewaezekea banda.
Kwani ulikuwa hujamaliza kuniona?"