Vitunguu

Walinipa vitunguu. Beseni mbili,
na kisu ambacho mpini wake umefungwa mpira wa baiskeli.
Nikashukuru kimoyomoyo:
macho ya mkata vitunguu
hakuna anayeyauliza yanalilia nini.

Ilikuwa Kadutu, juu ya zile ngazi za udongo
ambazo mvua ilizilamba mpaka mifupani.
Nyumba tatu zilishuka na kilima usiku.
Mugisho, fundi redio, alilala katika ile ya kati.
Majirani walimchimbua kwa sufuria na kucha,
na redio moja, wanasema, ilikuwa ingali inaongea,
ikitangaza bei ya mihogo.

Mkewe, Ntakwinja, alikuwa amepelekea mgonjwa uji.
Ndiyo maana yupo.
Alikaa mkekani, miguu ameinyoosha,
viatu vya mtu mwingine.

Nami tumboni nilikuwa na kitu
kisichozidi punje ya haragwe.

Miaka tisa.
Miaka tisa ya mizizi michungu asubuhi,
ya wifi wanaohesabu kwa sauti,
ya kupakata watoto wa wenzangu kwa adabu
kama mtu anayeshika sahani ya kuazima.
Jumanne muuguzi aliinua kile kijiti dirishani,
akasema, "Mama, jionee mwenyewe."
Jumanne hiyohiyo, usiku, kilima kikashuka.

Nilijaribu kuhuzunika bila kubakiza.
Na nilihuzunika, sisemi uongo;
Mugisho hakuwahi kunidai hata faranga ya waya.
Lakini chini kabisa, kama jikoni alfajiri,
majivu yote yale, na kaa moja limekataa kufa.
Nikiligusa, linaniunguza kwa utamu.
Nikajiita mchawi.
Nikakata vitunguu.

Saa saba wakaleta sambaza kutoka ziwani,
wakawamimina kwenye mafuta.
Harufu ikapanda, ikanishika shingo.
Nikakimbilia nyuma ya bafu la mabati,
nikashikilia bidoni la maji, nikatapika
polepole, kwa heshima, kama inawezekana.

Nilipogeuka, Ntakwinja alikuwa amesimama.
Shangazi zake walimkataza kusimama.
Alisimama, mkono ukutani.

"Miezi mingapi?"

Wanawake wakaacha kuchambua sombe.

"Nimekuuliza, Namwezi. Mingapi?"

"Miwili," nikasema. "Nisamehe."

Sijui niiite nini sauti iliyomtoka.
Ilianza kama kilio, ikapotea njia,
ikatokea upande wa kicheko,
kicheko kibaya, chenye kamasi,
shangazi mmoja akajifunika uso kwa kitenge.

"Nisamehe, anasema! Mugisho na mumeo waliwekeana mbuzi.
Hujui? Cirhuza alikata tamaa, akasema hamtapata.
Mugisho akasema mtapata, weka mbuzi.
Mwambie Cirhuza mbuzi wa mume wangu simwachii."

Kisha akakaa. Akalia tena,
safari hii kilio kilijua kinakokwenda.
Hakunikumbatia. Hakunibariki.
Nilirudi kwenye beseni langu.

Jumamosi Cirhuza alinunua dume jeusi, kaidi,
lililogoma kwenye ngazi ya kwanza.
Akalibeba mabegani, likamkojolea shati la msibani,
na mimi nyuma yake, na kamba, nikicheka,
nikiona aibu ya kucheka, nikicheka.
Waliokuwa wanashuka walitupisha.
Mzee mmoja alitema mate kando.
Sikumlaumu. Hata mimi, wiki iliyotangulia,
ningetema.

Pale juu Ntakwinja alimpima mbuzi kwa macho,
akampapasa mbavu, akasema,
"Amekonda. Alisema mbuzi mnene."

Mikono yangu ilinuka vitunguu siku nne.
Nilipoishika usiku juu ya tumbo,
sikutaka kuinawa.