Nailoni Kwenye Viti

Nilikwenda na pesa yangu na mdogo wangu Hamduni.
Pesa ilikuwa yangu: miaka tisa ya sare za shule,
kola, kwapa, vifungo, Januari bila usingizi,
cherehani nne pale Tandika zikinguruma hadi ndotoni.
Hamduni nilimchukua awe shahidi tu.
Hata gia haijui.

Yadi iko Barabara ya Nyerere, kioo chini mpaka juu,
kiyoyozi kinapuliza hadi jasho langu likaona haya.
Kijana wa mauzo, Gervas, tai nyekundu,
akampa Hamduni mkono,
akampa kiti,
akampa maji ya chupa.
"Karibu bosi. Na mama atapenda rangi gani?"

Nikauliza injini. Akamjibu Hamduni.
Nikauliza linakula mafuta kiasi gani. Akamjibu Hamduni.
Nikauliza bei.
Hapo akasita, akautazama mkoba kwapani mwangu
kama mtu aliyenusa pilau nyumba ya jirani.

Bei, jamani.
Ile ya kwenye kibao ilikuwa na nyota ndogo,
na nyota ilikuwa na watoto chini ya karatasi:
ada ya maandalizi (linaandaliwa nini, ni bibi harusi?),
mazulia ya miguuni,
kifaa cha kuzuia wizi, "kimeshafungwa dada, hakitoki,"
na bima, lazima ya kampuni ile, siyo ile ninayoijua mimi.
Wahenga walisema mwenye kisu ndiye mla nyama.
Hawakuwahi kuiona kalkuleta ya Gervas.

Nikaomba apunguze.
"Ngoja nikaongee na meneja."
Akaingia mlango wa kioo cheusi, akakaa, akakaa.
Hamduni akaenda kutafuta choo, akarudi anacheka:
"Dada, mle ndani yuko peke yake,
anakula karanga, anaangalia mkeka wa mpira."
Gervas akatoka na uso wa mtu aliyepigana.
"Meneja amekubali laki mbili. Kwa sababu ya mama."

Nikasaini. Nyeupe, tukaandika nyeupe.

Wiki ya pili: liko bandarini.
Wiki ya nne: mfumo uko chini.
Wiki ya tano simu inaita tu, kisha haiiti.
Wiki ya sita nikaenda mwenyewe, yaani na Hamduni.
Ukutani wameandika MTEJA NI MFALME,
na mfalme akakalishwa kwenye benchi saa mbili na nusu.

"Bosi," Gervas akamwambia Hamduni,
"nyeupe zimekwisha. Ipo ya kijivu.
Kijivu ni nyeupe iliyokomaa."

Mimi mteja akiagiza bluu ya bahari
nikamshonea bluu ya wino,
sketi itanirudia usoni kabla sijamaliza kusalimia.
Nikamwambia Hamduni, inuka.
Nikakaa kwenye kile kiti.
Nikautandaza mkataba mezani kama kitambaa,
nikatoa chaki mkobani, chaki yangu ya kukatia,
nikachora mstari chini ya neno NYEUPE,
halafu mwingine chini ya tarehe,
halafu nikakaa kimya, chaki mkononi,
nikimtazama Gervas kifuani, mahali tai inapoanza,
kana kwamba nampima.

Ndani ya dakika arobaini nyeupe ikapatikana.
Ilikuwa nyuma, bandani, ina vumbi.
Ilikuwepo siku zote.

"Hongera, bosi," akasema, safari hii akinitazama mimi,
na mkono wake ukabaki wazi kidogo, unangoja soda.
Nikampa ile chaki.

Kufika Tazara, taa ya mafuta ikawaka.
Mamilioni yote yale, wameshindwa kutia lita mbili!
Hamduni akatoa elfu kumi yake, ya kwanza tangu azaliwe.
Nailoni ya viti ikaninata mapajani kwa joto,
ikilialia kila nikigeuka.
"Itoe basi," akasema.

Sitoi.
Mpaka nimalize kukasirika.