Juzuu ya Saba

Mabela, Agosti. Saa nne usiku
na ukuta bado una homa ya mchana.
Kiyoyozi kinakohoa, kinanyamaza, kinakumbuka kazi yake.
Nimejilaza sakafuni kando ya kisahani cha halua iliyokwisha,
nafungua kitabu kwa upande wa kulia
kama bibi alivyozifungua barua zake,
Kiswahili kilichovaa herufi za Kiarabu.
Yeye na Wajapani wangeelewana,
angalau pale mlangoni.

Humu ndani kunanyesha.
Kunanyesha tangu juzuu ya tano.
Fundi saa kasimama kizingitini mwa duka lake,
na yule wa posta hana mwavuli.
Au anao, kauficha mkobani:
ukurasa wa arobaini na moja, tazama vizuri,
mpini unachungulia.

Juzuu saba! Na hadi leo kilichogusana ni mikono ya mashati,
mara moja, kwa bahati,
na mchoraji kalipa hilo kurasa nne:
kifungo, uzi uliolegea,
sikio lililotiwa vistari vyembamba ndiyo haya yenyewe,
kisha ukurasa mtupu, mweupe pe,
ambao nausoma kuliko yote.

Wenzangu wa duka la dawa wanapenda filamu
ambazo watu hubusiana kabla chai haijapoa.
Mimi nipe hawa. Watu wazima wawili
wanaobishana bei ya stempu
kwa sababu lile jingine halina bei.

Shangazi Ghaniya hasomi usiku;
cherehani imeshakula macho yake.
Hukaa kitandani akichambua ndimu kavu,
huniuliza: "Wamefika wapi?"
Kamtengenezea saa, kakataa malipo.
"Mh. Huyo kapenda."
Na mwenzake kaleta barua isiyo yake,
kasingizia kapotea njia.
"Mtaa huohuo miaka mitatu, apotee njia?"
Lugha yangu ina stara:
anampenda.
Hakuna silabi hapo inayodai kitambulisho.
Sijasema uongo. Yeye ni yeye.

Jana nikarudi kazini nikamkuta
kavaa miwani yangu juu ya yake,
kitabu magotini, kakishika kama trei ya mayai.
Nikaganda na mfuko wa mikate, viatu mguuni.
Ulikuwa ukurasa wa arobaini na moja.
Akazitazama shingo zao, mabega, ndevu changa za fundi,
muda wa kutosha kuchemsha kahawa
na kuiacha ifurike.

Kiyoyozi kikakohoa.
Akang'ata uzi mwekundu, akaulaza pale alipoishia,
akakifunga.
"Huyu wa posta," akasema, uso kwenye ndimu zake,
"mwambie autoe huo mwavuli.
Mvua itakatika."