Wekundu wa Penka

Droo imegoma.
Navuta, inatoa ulimi nusu, inakwama,
kama mtoto mbele ya daktari.
Nje, Plovdiv inaamkia mvua ya Machi,
na Stoycho amesimama mlangoni na mfuko mweusi wa taka,
mfuko wa kubebea matofali,
anauliza, "Tuanze?"
Namwambia: weka mfuko, nenda kachemshe kahawa.
Huu si mzigo wa watu wawili.

Namwaga vyote juu ya taulo la kuogea.
Wanja umekauka, umerudi kuwa mkaa.
Poda imepasuka, imemwagikia kila kitu,
hata stakabadhi ya duka lililokwisha kufungwa.
Kope bandia, jozi moja na nusu:
ile nusu, nadhani, ilibaki harusini kwa Desislava,
kwenye bakuli la saladi, na hakuna aliyesema.
Krimu ya usiku. Krimu ya mchana.
Krimu ya chini ya macho, iliyoahidi wiki nne.
Miaka sita imepita; macho yangu bado yanaisubiri.

Nyuma ya kila kopo kimechorwa kikopo kidogo,
kifuniko wazi, na ndani yake namba: sita, kumi na mbili.
Miezi ya kuishi baada ya kufunguliwa.
Navaa miwani, nasoma, nahukumu.
Wewe, nje. Wewe, nje.
Wewe ulikufa nikiwa bado nakupaka.

Mafuta ya waridi yanabaki.
Kichupa ndani ya mti uliochongwa, zawadi ya shangazi wa Karlovo
aliyechuma maua kabla ya jua miaka thelathini
na hakuwahi kununua hata tone.
Hicho sikigusi.

Brashi nimeziosha kwa shampuu,
zimesimama kwenye chupa pana iliyokuwa na lyutenitsa,
bado inanukia pilipili hoho kwa mbali.

Halafu rangi za mdomo.
Nazipanga kama risasi, nazizungusha zote zitoe vichwa.
Kumi na nne.
Moja ya waridi, moja ya kahawia,
moja ya zambarau, kosa la likizo,
na kumi na moja nyekundu.
Nachora mistari mkononi, mmoja mmoja,
kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko.
Stoycho anarudi na kahawa, anatazama.
"Zote ni moja," asema.
Nataka kumkatalia. Nasogeza taa.
Zote ni moja.

Kumbe miaka yote hii nilikuwa nikinunua jioni moja:
choo cha wasichana, shule ya ufundi, Mei, mahafali,
Penka amenishika kidevu kwa vidole viwili,
"Usicheke, nitakupaka pua,"
na kwenye kioo chenye ufa akatokea mtu
niliyetamani kumfahamu.

Nampigia simu. Yuko Varna, kwa mjukuu,
nyuma yake kuna katuni na kilio.
Penka, ile rangi yako ya mahafali, iliitwaje?
Kimya. Kisha kicheko, kile kile, cha kukohoa.
"Rangi gani, Rumyana? Ya mama ilikuwa imekwisha.
Nilikwangua ya mwisho kwa njiti ya kiberiti,
nikachanganya na vaselini na kalamu ya nta ya kaka yangu.
Hukuonja? Ilikuwa na ladha ya mshumaa."

Kumi zimeingia mfukoni.
Ya kumi na moja naishika, sijui kwa nini,
labda kwa kuwa ni fupi kuliko zote, imefanya kazi.
Droo sasa inafunguka kwa kidole kimoja,
na ndani yake kuna nafasi inayonitisha kidogo.
Mkononi mistari bado ipo.
Sabuni haiitoi, mafuta hayaitoi.
Stoycho anafunga mfuko, anaupima, anashangaa ni mwepesi.
Anauliza chakula cha mchana ni nini.
Namjibu nikiwa na joho la kuogea na midomo iliyopakwa:
tunatoka.