Nilimwazima Kalamu

Saa kumi na mbili na nusu, giza la Katuba halijakaa sawa,
ninafunga kibanda. Mashine ya fotokopi nimeivika gunia
kama mtoto mwenye homa.
Wakaja wawili. Mmoja akabaki kwenye pikipiki.
Mwingine, kepi mkononi, daftari la shule kwapani,
lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma:
"Mama, leta karte."

Nikampa.
Kadi yetu ya kura unaijua: tunapigia kura siku moja,
tunaishi nayo miaka.
Jua limenilamba uso, limebakiza kilemba na sikio.
Akaigeuza mbele ya mwanga wa simu. "Huyu ni nani?"
Ni mimi, nikamwambia, kabla wino haujachoka.

"Jina yako?"
Ngosa Kisimba. Hilo una haki ya kuuliza,
nami nina haki ya kuuliza lako.
Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyaga waya.
Kifuani, pale panapokaa namba yake ya kazi,
alikuwa ameegemeza tochi.

"Unaikala wapi?"
Avenyu ya Mikuyu, mlango wa bluu, namba imefutwa na mvua.
"Baba?"
Andika marehemu. Alibaki kwenye tanuru la shaba.
"Mama?"
Kibawa. Mwandike polepole, jina lake halipendi haraka.
"Kabila?"

Hapo nikanyamaza.
Nilikuwa msichana mwaka ule neno hilo lilipopita
mlango kwa mlango,
na majibu yakabebwa hadi stesheni, na magodoro, na masufuria;
rafiki yangu wa dawati akalala kando ya reli
akingoja treni, na mimi nikipita na ndoo ya maji
nikaangalia upande mwingine.

"Kabila halimo kwenye kadi."
"Ni swali tu, mama."
"Basi nionyeshe karatasi iliyokutuma kuliuliza."
Karatasi haikuwepo.
"Lete numero ya simu."
"Simu ni ya wateja."
"Tunaweza kuzungumzia kituoni."

Niseme kweli: magoti yangu yalitia sahihi kabla yangu.
Niliwaza noti zilizo ndani ya soksi,
niliwaza chumba kile ambacho watu wakitoka
hawasemi kina madirisha mangapi.
Kinywa tu ndicho kiliendelea, kwa sauti ya mwanamke mwingine:
"Twende. Lakini andika saa. Andika na kosa.
Na kwanza nimpigie ndugu yangu, ajue ni kituo gani."

Akabonyeza biro. Ikaandika hewa.
Akaisugua kwenye soli, akaipulizia.
Wa pikipiki akapiga honi.
Nikavuta droo, nikamwazima yangu.
Si ujasiri. Si dharau. Ni mazoea tu:
nani huja kibandani kwangu na kalamu?

Akaandika jina, avenyu, marehemu, Kibawa.
Mstari wa tano akautazama muda mrefu,
akauruka.
Wakaenda. Na kalamu ikaenda.

Wiki ya pili akarudi mchana, kichwa wazi,
akapanga foleni nyuma ya wanafunzi wawili na muuza makala.
Mkononi, karatasi za mshahara.
Huko Kinshasa wameangusha herufi moja:
Lumbwe amekuwa Lubwe,
na Lubwe hajawahi kuzaliwa, hivyo halipwi,
sasa mwezi wa tatu.
"Mama, niandikie barua."

Nikauliza jina. Nikauliza namba ya kazi,
ile iliyolala nyuma ya tochi.
Akaitaja tarakimu moja moja, kama anavua shati mbele ya daktari.
Nikaiandika vizuri. Ile m nikaikandamiza mara mbili.
"Na kabila yangu ni..."
"Sijauliza," nikasema.

Akalipa faranga zake, hakuomba kupunguziwa.
Chini ya noti, alipokwisha kuvuka barabara,
nikaikuta kalamu,
kifuniko chake kimetafunwa hadi nusu.