Orodha ya Sikio Moja

Siku ya mwisho ya kazi, Montevideo, joto la Desemba,
makarani wa mtaa wa bandarini wanachana kalenda
na kuumwaga mwaka dirishani: Machi inaangukia Agosti,
Jumatatu ya mtu nisiyemjua imenasa nyweleni mwangu.
Naipangusa. Nina haraka.
Saa mbili usiku Wilmar atapiga simu kutoka Tacuarembó
na orodha yangu bado ina mashimo.

Miaka kumi na tisa tunabishana hivi, mimi na yeye.
Albamu kumi kila mmoja, zote za mwaka huu,
na sheria ni moja: usitaje uliyoisikiliza mara moja.
Mara moja ni salamu, husema Wilmar, si urafiki.

Ila mwezi wa Mei sikio langu la kushoto lilizima.
Bila kishindo; kama nyumba ambayo mpangaji mmoja kahama usiku
na asubuhi unakuta kitasa kimefutwa vumbi.
Daktari aliandika neno refu, akanipa tembe
ambazo mimi mwenyewe huziuza dukani, na najua haziuziki.
Wilmar sikumwambia. Ungemwambia nini
mtu anayeamini unamtambua mpiga besi kwa kucha zake?

Haya. Nyuma ya risiti nimeandika:
ya kumi, wale vijana wa Paysandú, magitaa matatu na cherehani;
mpaka wimbo wa sita unajuta, wa saba unakulipa deni lote.
Ya tisa nimeiweka ili Wilmar akasirike.
Ya nane, ya saba, nitakuja.

Nataka kwanza kusema habari za Maruja Bentancor.
Albamu yake, *Sukari Ndani ya Soksi*,
niliazimwa Juni na Nibia wa ghorofa ya chini.
Nikavaa hedifoni. Sauti yake ilikuwa peke yake, kavu,
kama mtu anayesoma bili ya maji.
Nikasema, mwaka huu Maruja kaishiwa,
nikamrudishia Nibia santuri yake, na kisahani cha biskuti kwa adabu.

Septemba alinilazimisha tena. Nilikuwa naosha vyombo,
hedifoni nikaivaa kinyume, kwa kukosea tu,
na katika wimbo ule ule Maruja hayumo.
Kuna kodiani inayolia kama mlango wa kabati.
Kuna ngoma tatu, ndogo inasumbua, kubwa inasamehe,
na mzee mmoja anahesabu moja, mbili,
anakosea, anacheka, na hawakumfuta.
Wote walikuwepo tangu Juni,
ng'ambo ya fuvu langu, wakinisubiri.
Nilikaa sakafuni na povu mikononi.

Tangu hapo kila albamu naila mara mbili,
upande huu, kisha upande ule uliohamia huku,
halafu usiku, taa zimezimwa, naunganisha mwenyewe kichwani
kama mtu anayeshonea sweta mikono.
Nyingine hazikubali. Elbio Fagúndez hakuungana hata kwa gundi;
nikamwacha Oktoba, na nilimpenda.
Ile kwaya ya Salto inaungana vizuri mno,
nadhani vizuri kuliko walivyorekodi. Ya tatu. Au ya pili.

Simu inalia saa mbili na dakika tano.
Kwa mazoea naiweka kushoto: kimya, kisima.
Nikiihamishia kulia, Wilmar keshafika namba nane, anatweta.
Namsubiri. Namsomea zangu.
Ya kwanza, namwambia, ni Maruja,
ila Maruja ni albamu mbili.
Sheria ni kumi, anasema.
Basi mwaka huu nina ishirini.

Nasikia jokofu lake kule Tacuarembó likinguruma.
Kisha, taratibu: "Sikio lipi?"

Nikamwambia.
Halafu tukarudi kwenye ile ya tisa,
maana kweli alikuwa amekasirika.